Je, wajua kwa nini anayeacha wali hupungua haraka, kisha mizani ikakwama?

Mfunguo Mosi unapoingia na kadi za harusi zikaanza kupita majumbani, utawasikia watu wengi wa Unguja na Pemba wakisema kwamba wameacha wali. Shangazi yangu, mkaazi wa Ng'ambo, ni miongoni mwao. Wiki ya kwanza alirudi kutoka duka la dawa, ambako hujipima, akiwa na furaha tele: "Mwanangu, kilo mbili zimekwenda, na sikufanya lolote ila kuuacha wali." Wiki ya nne mizani haikusogea hata kidogo, naye akahukumu kwamba mizani ile ni mbovu. Mizani ilikuwa nzima. Kilichopungua wiki ya kwanza hakikuwa kile alichodhani.

Wanga uliomo katika wali, muhogo, ndizi au boflo humeng'enywa na kuwa glukosi, na ile isiyotumika papo hapo huwekwa akiba katika ini na misuli kwa umbo liitwalo glaikojeni. Mtu mzima hubeba akiba ipatayo nusu kilo, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikamana na takriban gramu 3 za maji. Wanga unapokatwa ghafla, mwili hula akiba yake, na maji yaliyoshikamana nayo hutoka kwa njia ya mkojo, ndiyo maana jumla ya kinachopotea katika siku chache inaweza kukaribia kilo 2 bila mafuta mengi kuguswa. Siku mtu huyo atakapokula biriani ya harusini akashiba, sehemu ya maji hayo hurudi, naye huapa kwamba wali unanenepesha kwa usiku mmoja.

Hesabu ya mafuta yenyewe ni ngumu zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kalori zipatazo 7,700. Anayetaka kupunguza kilo 2 za mafuta kwa siku saba inambidi apungukiwe na kalori 2,200 kila siku, kiasi ambacho kwa watu wazima wengi ni sawa na chakula cha kutwa nzima. Hakuna aliyepata upungufu wa namna hiyo kwa kuuacha wali wa mchana peke yake.

Je, baada ya maji hayo kutoka, kuacha wanga kunashinda kuacha mafuta? Swali hili limepimwa kwa makini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, waliwagawa watu wazima 609 katika makundi mawili, moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga, wakawafuatilia kwa miezi 12. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionesha kwamba waliopunguza wanga walipungua kwa wastani wa kilo 6.0 na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ndogo isiyoweza kuhesabiwa kuwa ushindi. Lililonivutia zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua kwa makumi ya kilo, na walikuwamo walioongezeka. Makundi yote mawili yalikuwa yameagizwa jambo moja la pamoja: kula mboga kwa wingi, na kuepuka sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa.

Kwa hiyo kuacha chakula fulani kunasaidia, lakini jina la chakula hicho lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Linaloamua ni nishati inayoondoka pamoja nacho, na kile kinachoshika nafasi yake.

Tuitazame sufuria ya wali wa nazi. Kilo moja ya mchele mkavu, uwe wa Mbeya au wa mapembe, ina kalori zipatazo 3,600. Mpishi hukuna nazi mbili, akakamua tui zito na tui jepesi, akamimina vyote juu ya mchele pamoja na chumvi. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini hubeba 4 tu, na kwa makisio tui la nazi hizo mbili laweza kuongeza kalori elfu moja katika sufuria ileile bila kuongeza wingi wa wali unaoonekana kwa macho. Halafu huja mchuzi wa pweza, nao una tui lake. Lawama zote huangukia mchele, kwa sababu mchele ndio unaoonekana sahanini, wakati tui limekwisha nywewa na punje na halina wa kulishuku. Sisemi tui liachwe, na Mzanzibari gani angenisikiliza? Nasema tu kwamba sahani ya wali mweupe na sahani hiyohiyo ya wali wa nazi si chakula kimoja katika hesabu hii, ingawa vyote viwili huitwa wali.

Mambo hayo ndiyo yaliyomkuta shangazi. Nilipomuuliza usiku anakula nini badala ya wali, alinijibu kwa utulivu: chapati mbili na maharage ya nazi. Chapati ni unga mweupe uliokandwa na kukunjwa kwa mafuta, kisha ukachomwa kwa mafuta mengine, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Alikuwa ameondoa wanga kwa mlango wa mbele na kuurejesha kwa mlango wa uani, safari hii ukiwa umepakwa mafuta.

Zaidi ya hayo ilikuwapo chai. Kijiko kidogo cha sukari kilicho sawasawa kina gramu 4, yaani kalori kama 16, jambo dogo sana likitazamwa peke yake. Lakini chai ya asubuhi, ya alasiri na ya baada ya Isha, kila kikombe kikiwa na vijiko vitatu, hufikia gramu 36 kwa siku, na nyumbani kwetu kijiko hakijawahi kuwa sawasawa, huwa kimejaa hadi kikawa kichuguu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya aina hii, pamoja na ile ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 5 ni gramu 25. Sukari ya kunywa ina hila yake pia: tumbo haliihesabu kama linavyohesabu chakula cha kutafuna, hivyo mtu aliyekunywa soda au juisi ya miwa hukaa kula kama kwamba hakupata kitu. Ningelazimishwa kutaja kitu kimoja tu cha kuacha, ningetaja hiki.

Kundi la pili katika orodha yangu lingekuwa vyakula vya viwandani, kama biskuti, soseji na tambi za pakiti. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliolazwa wodini na kulishwa kwa wiki mbili vyakula vya viwandani sana, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya asili, kila mmoja akiruhusiwa kula atakavyo. Walipokuwa katika vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja, ingawa milo ya pande zote mbili ilikuwa imeandaliwa kwa ulinganifu wa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Shelisheli la kuchemsha na samaki wa kuchoma havimsukumi mtu kula kwa pupa namna hiyo.

Tahadhari moja haifai kuachwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akikata wanga ghafla bila kubadilishiwa dozi, sukari yake yaweza kushuka hadi akazimia. Huyo amuone daktari kwanza, na mjamzito hali kadhalika.

Linabaki swali la kwa nini watu hupenda kuacha kabisa kuliko kupunguza. Nadhani jibu limo katika sinia. Wali unapopakuliwa katika sinia moja na watu sita wakakaa kuuzunguka mkekani, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mkono unakwenda na kurudi, mazungumzo yananoga, na mwenyeji anamsogezea mgeni minofu huku akimsihi asione haya. Katika hali hiyo kusema "nimeacha wali" ni rahisi kuliko kusema "nimekula nusu", kwa kuwa amri ya kuacha haihitaji kipimo. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja hawezi kukaa pembeni ya sinia mwaka mzima. Shangazi sasa hujipakulia jikoni kwa kisahani kabla sinia halijatoka, visahani viwili vya wali na mchicha wa kutosha, kisha huja kukaa mkekani na sahani yake mkononi. Wajukuu bado wanamcheka.