Je, wajua? Ukikaa tu bila kazi ubongo wako unakumbuka mbali zaidi

Mchana wa jua kali Malindi utawakuta watu wamekaa kibarazani kimya, macho baharini, na ukimuuliza mmoja wao wafikiria nini atakwambia si kitu. Sasa swali ni je, ubongo nao huwa umezima? Wapi! Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na ukimpa huyo mtu kazi ya kichwa, tuseme apige hesabu ya samaki, matumizi yanapanda kidogo mno, kwa kawaida hata asilimia 5 haifiki.

Tumejuaje? Mwaka 1990 mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inaweza kuona oksijeni ya damu ikibadilika ndani ya ubongo. Halafu 1995 mtafiti mwingine, Bharat Biswal, akaona kitu cha ajabu, watu wamelala tu kwenye mashine hawafanyi lolote, lakini sehemu za ubongo zinazoendesha mikono, ya kulia na ya kushoto, zinapanda na kushuka pamoja.

Kupanda na kushuka huko ndo penyewe hasa, manake hakuna saa. Mvuvi anajua maji yanajaa kama saa sita, yanakupwa kama saa sita, na bamvua inakuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ubongo haufuati ratiba ya hivo. Kuna mabadiliko ya sekunde chache, kuna ya nusu dakika, kuna ya dakika kadhaa, na kadri yanavyokwenda polepole ndivyo yanavyokuwa makubwa, kwa kanuni ile ile moja, hivi kwamba ukikata kipande cha grafu ukakikuza vizuri kinafanana tabia na grafu nzima na huwezi kujua kama unaangalia dakika moja ama kumi.

Kipimo kimojawapo cha jambo hili kilizaliwa hapa hapa Afrika, nami hili lanifurahisha sana. Harold Hurst, Mwingereza aliyefanya kazi Misri miaka mingi, alikuwa anapiga hesabu ya mabwawa ya mto Nile, na mwaka 1951 akachapisha kwamba miaka ya maji mengi inapenda kufuatana, na ya maji machache vilevile, kuliko vile bahati peke yake ingeleta. Mto una kumbukumbu ndefu, yaani hali ya leo bado inafuata ya zamani. Leo kipimo cha Hurst kinapigwa kwenye ubongo.

Haya, mwaka 2011 mtafiti Biyu He akalinganisha watu waliopumzika na watu walio kazini, wote ndani ya MRI. Chora grafu ya ukubwa wa mabadiliko, ya polepole kwanza halafu ya haraka, utaona inateremka. Wakipumzika, mteremko huo unakuwa mkali, yaani mabadiliko ya polepole ndo yanatawala na hali ya sasa inafanana zaidi na ya zamani, hasa kwenye ule mtandao wa ubongo unaochangamka mtu akiwa hana shughuli. Wakipewa kazi mteremko unalegea, kumbukumbu ya huko kupanda na kushuka inafupika, na maelezo aliyotoa ni kwamba ubongo unaachilia ya nyuma kidogo ili ushughulike na linalotokea sasa hivi. Tena sehemu zenye mteremko mkali ndizo zinazotumia glukosi nyingi zaidi, kwa hivo ile gharama ya kukaa tu ina mahali inapokwenda.

Utasema labda ni mishipa ya damu tu, ama pumzi, ama kichwa kimetingishika. Ni hoja nzuri, MRI inaangalia damu kweli. Lakini mwaka mmoja kabla, Biyu He na wenzake walipima umeme moja kwa moja juu ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa vipimo kwa ajili ya matibabu, na mtindo huo huo ukaonekana, nao ulibadilika mtu akifanya kazi. Kwenye umeme wa ubongo mteremko pia unakuwa mkali zaidi mtu akiwa usingizini au akipewa dawa ya usingizi ya upasuaji, na kwa wazee unalegea kuliko kwa vijana.