Kicheko cha Kashasha hakikuwa cha furaha

Watu wengi husimulia kisa cha Kashasha, karibu na Bukoba, kana kwamba mwaka 1962 wasichana wa shule ya bweni walisikia utani mmoja wakacheka miezi mfululizo. Sivyo. Kicheko kilianza Januari 30 kwa wanafunzi watatu, kikawapata 95 kati ya 159, hata shule ikafungwa Machi 18. Lakini kilimjia kila mmoja kwa vipindi vya dakika chache hadi saa kadhaa, kikichanganyika na kilio na mahangaiko, na aliyezuiwa aliweza kuwa mkali. Mwenye furaha hafanyi hivyo. Madaktari waliochunguza hawakuona sumu wala maambukizi, na walimu hawakupatwa.

Kicheko cha hiari miongoni mwa marafiki kweli hulegeza misuli na kumfanya mtu aone zigo lake kuwa jepesi. Cha Kashasha kilikuwa kinyume chake: maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba msongo wa mawazo ulijitokeza mwilini, ukaenea kwa kuonana na kusikiana. Kijijini Nshamba, walikorudishwa baadhi ya wasichana, walipatwa watu 217.