Dhamana ya kamanda: jenerali hushtakiwaje kwa damu ambayo hakuimwaga kwa mkono wake

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, zikija habari za jenerali aliyepandishwa kizimbani hakosi mtu wa kuuliza, kikombe cha kahawa mkononi: "Sheikh, huyu alikuwa ofisini kwake, bunduki hakushika. Kosa lake nini?"

Jibu ni dhamana ya kamanda. Kamanda hutiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita uliofanywa na askari wake hata kama hakuuamuru, ikithibitika kwamba aliwadhibiti kweli, si kwenye karatasi tu. Kwamba alijua au alipaswa kujua. Na kwamba hakufanya lililo ndani ya uwezo wake kuwazuia au kuwaadhibu. Nahodha wa Wete hawezi kumwambia tajiri kuwa karafuu zimeibwa na mabaharia, yeye kalala. Kama aliamuru mwenyewe, hilo ni shitaka jingine.

Shida iko kwenye kujua. Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani alinyongwa Februari 1946 kwa mauaji ya raia Ufilipino. Alijitetea kwamba mawasiliano yalikatika na habari za Manila hazikumfikia. Kwa maoni yangu kesi ile ilikwenda mbio mno, na majaji wawili wa Mahakama Kuu ya Marekani walipinga vilevile. Siku hizi kipimo kimeandikwa, kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002.

Jirani zetu Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, Jenerali Augustin Bizimungu, mkuu wa jeshi la Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, alihukumiwa miaka 30 mwaka 2011. Jean-Pierre Bemba wa Kongo naye alipewa na ICC miaka 18 mwaka 2016 kwa mauaji, ubakaji na uporaji wa wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati. Miaka miwili baadaye majaji wa rufaa, watatu kwa wawili, wakamwachia: haikupimwa vya kutosha angeweza kufanya nini hasa na jeshi lililokuwa nchi ya watu.

Ndiyo maana kesi hizi huchukua miaka. Mara nyingi hakuna anayebisha kwamba watu waliuawa. Wanachogombania mawakili ni rekodi za simu za setilaiti, ripoti gani ilifika mezani kwa mkubwa, na kama kuna askari hata mmoja aliyefikishwa mahakama ya kijeshi.