Mshipi kwanza, fimbo baadaye: kuanza uvuvi wa nzi wa bandia

Swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaotaka kuanza uvuvi wa nzi wa bandia ni lile lile, ninunue fimbo gani, na mimi huwa nawajibu kwa swali: mshipi umeshaufikiria? Maana mtu anaingia dukani, anashikashika fimbo, anazitikisa hewani, anatoka na fimbo ya bei ya kutisha halafu mshipi anaokota wowote ule ulio rahisi. Hapo kashageuza mambo kichwa chini miguu juu.

Iko hivi. Kwenye uvuvi wa kawaida unarusha kitu kizito, chubwi au chambo, na mshipi mwembamba unafuata nyuma. Huku ni kinyume. Nzi mwenyewe hana uzito wa maana, ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana, ukimtupa kwa mkono anaangukia miguuni kwako. Kinachorushwa ni mshipi. Mshipi ndio mzigo, nzi kadandia tu. Ndio maana mshipi wa uvuvi huu ni mnene, una ganda la plastiki, na unauzwa kwa namba ya uzito.

Namba zenyewe zinapimwa kwenye mita 9 za mwanzo za mshipi. Namba 5, hizo mita 9 zina uzito wa gramu 9 hivi. Namba 8 zinafika kama gramu 13 na nusu. Fimbo nayo imeandikwa namba juu ya mpini, na hiyo namba inakwambia fimbo ilitengenezwa ibebe mshipi upi, basi. Fimbo namba 5, mshipi namba 5. Ukiweka mshipi mwepesi kuliko fimbo, fimbo haipindi, unabaki unapepea hewa na huelewi kosa liko wapi.

Sasa uchukue namba ngapi? Kama ni samaki wa mtoni na ziwani wa saizi ya kawaida, trauti, perege na wenzao, chukua namba 5 urefu wa futi 9, yaani mita 2.7 na kitu, wala usijisumbue kutafuta zaidi. Baharini au kwa samaki wakubwa wenye vurugu anzia namba 8, maana kule kuna upepo na nzi ni wakubwa, mshipi mwepesi hauwezi kuwabeba. Fimbo nyingi siku hizi ni za kaboni. Zipo za faibaglasi na za mianzi pia, nzuri sana, ila hizo subiri kwanza. Wauzaji watakusukumia fimbo ngumu wanazosema zina kasi, mi namshauri anayeanza achukue ya wastani, inayopinda mpaka katikati, kwa sababu ile unaisikia mkononi inavyojaa na inavyofunguka. Ile ngumu inataka mtu anayejua tayari anachofanya.

Mshipi chukua wa kuelea, wenye uzito mwingi upande wa mbele, rangi inayoonekana vizuri. Rangi kali haimfukuzi samaki kwa sababu kati ya mshipi na nzi kuna lida, uzi mwangavu unaoanza mnene unaishia mwembamba, futi 9 inatosha. Mwisho wa lida unaunga tipeti, kipande cha uzi mwembamba kinachofungwa nzi, na tipeti ina namba zake zenye herufi X ambazo zinawachanganya watu, kadiri namba inavyokua ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba, 5X ni kama milimita 0.15. Njia ya mkato: gawa saizi ya nzi kwa tatu. Nzi namba 12, tipeti 4X. Na nzi nao wana namba za kinyumenyume hivyo hivyo, namba kubwa nzi mdogo, usiniulize nani aliwaza hivi.

Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi? Kwa samaki wadogo rili ni kabati la kutunzia mshipi, usimwage hela hapo. Baharini ndio habari nyingine, kule breki ya rili inafanya kazi kweli na chumvi inakula chuma, kwa hiyo hapo lipa. Ila popote ulipo jaza bakingi, yaani uzi wa akiba, chini ya mshipi, kwa sababu mshipi wenyewe hauzidi sana mita 27 hivi na samaki mkali anaweza kuumaliza wote.

Haya, kurusha. Nitakaa hapa zaidi maana hapa ndipo watu wanapokatia tamaa, na bahati nzuri hapa hapahitaji hela. Wala nguvu. Joan Wulff wa Marekani mwaka 1951 alishinda shindano la kurusha umbali akiwa mwanamke peke yake katikati ya wanaume, kwa hiyo wanaume wenye misuli mnaokuja kwenye mafunzo mkidhani mtamaliza siku moja, poleni.

Fimbo ni springi. Mshipi unaipinda, wewe unaisimamisha, inafunguka na kuutupa mshipi. Neno kubwa ni kusimamisha. Ni kama ukikung'uta maji mkononi, mkono unasimama ghafla na maji yanaendelea na safari, usipousimamisha maji hayaendi kokote. Wanaoanza karibu wote hawasimamishi, wanasukuma fimbo mpaka inalala chini mbele, au nyuma kifundo cha mkono kinavunjika na ncha ya fimbo inagusa majani. Shika mpini dole gumba likiwa juu, anza ncha ikiwa chini karibu na ardhi na mshipi umenyooka bila ulegevu, nyanyua taratibu, ongeza kasi, simama fimbo ikiwa imeinama kidogo tu nyuma ya bega. Kisha ngoja.

Ngoja kweli, mshipi unyooke nyuma yako ndipo uje mbele. Ukiwahi, utasikia unapiga paa kama mjeledi, na hapo nzi kashakatika. Ukichelewa, mshipi unaanguka. Mshipi mrefu unataka kungoja zaidi, mfupi kidogo, hamna hesabu ya sekunde ya kukariri, geuza shingo utazame. Walimu wengine wanakataza kutazama nyuma, mi nasema tazama, mrusho wa mbele hauwezi kuwa mzuri kuliko wa nyuma.

Ukirusha, mshipi unatengeneza kitanzi hewani, na kile kitanzi kinakusema kila kitu. Ncha ya fimbo ikipita kwenye mstari ulionyooka, kitanzi kinakuwa chembamba na kinapenya upepo. Ncha ikichora upinde, kitanzi kinakuwa kipana, kinakufa njiani. Na ukikurupuka na nguvu ghafla mwanzoni, ncha inazama katikati, mshipi unapishana wenyewe kwa wenyewe na unapata fundo kwenye lida. Watu wanaliita fundo la upepo hata siku isiyo na upepo. Likitokea lifungue au kata ufunge upya, lida yenye fundo inakatikia hapo hapo samaki mzuri akikamata.

Fanyia mazoezi kwenye nyasi, siyo kwenye lami, lami inachubua mshipi. Weka lida na kipande cha uzi wa sufu chenye rangi badala ya ndoana, vaa miwani, na angalia nyaya za umeme juu, kaboni inapitisha umeme na hilo halina mchezo. Zoezi ninalolipenda ni kulaza fimbo ubavuni na kurusha kulia na kushoto karibu na ardhi, maana hapo kitanzi unakiona chote mbele ya macho yako, unauacha mshipi uanguke kila upande unatazama ulivyolala, halafu unarekebisha. Dakika 15 kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumamosi, mkono ukichoka unajifunza ujinga tu. Baki kwenye mita 8 au 9, samaki wengi wanakamatwa umbali huo huo. Mrusho wa kuviringisha, ule wa mahali penye vichaka nyuma, unataka maji yaushike mshipi, kwenye nyasi kavu utajidanganya.

Mshipi wenyewe osha kwa maji na sabuni laini, usiukanyage, na dawa ya mbu yenye DEET isiuguse, inayeyusha lile ganda. Siku ya kwanza ukifunga ndoana ya kweli bana kwanza kile kijino chake kwa koleo, itamtoka samaki kirahisi, na ikinasa sikio lako, kwa sababu siku moja itanasa, itatoka kirahisi vile vile.