Kupunguza vitu si kupanga vitu

Kila baada ya muda mtu ataweka mtandaoni picha ya kabati lake: nguo zimekunjwa zikanyooka, makontena ya plastiki yamebandikwa vikaratasi vya majina, na chini ameandika kwa furaha, "Hatimaye nimepunguza vitu." Ukiangalia vizuri, hakuna hata soksi moja iliyotoka. Tena vimeongezeka, maana hayo makontena yenyewe ni mapya.

Kupunguza vitu ni kuvitoa nje ya nyumba, visirudi, vile usivyovitumia na vilivyoharibika ambavyo unajua kabisa hutavitengeneza. Utagawa, utauza, utapeleka kwenye urejelezaji au utatupa. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachonikera ni kwamba watu huichanganya kazi hii na nyingine mbili, kisha wanashangaa mbona faida walizoahidiwa (vumbi kidogo, usalama, kuokoa pesa, utulivu wa akili) hazionekani. Kusafisha ni kuondoa uchafu. Kupanga ni kukipa kila kitu mahali pake. Kupunguza kunagusa idadi. Unaweza kuwa na nyumba inayong'aa, kila kitu kipo mahali pake, na bado hujapunguza hata kijiko. Zote tatu ni kazi za maana, ila karibu faida zote zinazotajwa zinatokana na hii ya tatu.

Chukua vumbi. Vumbi hutua juu ya vitu, na lile kontena zuri lililosukumwa uvunguni litakungoja ulivute kila unapopiga deki. Chukua usalama: mzee hujikwaa kwenye kilichowekwa njiani hata kama kimewekwa kwa mpangilio, na moto ukizuka, mlango wa nyuma uliozibwa na maboksi yaliyopangwa vizuri umezibwa vilevile. Chukua pesa: anayenunua mkasi wa tatu hununua kwa sababu ule wa kwanza na wa pili viko chini ya vitu vingine, naye hakumbuki kama anavyo.

Kwenye utulivu wa akili, nakiri anayepanga vitu ana hoja. Vitu vingi vikiwa mbele ya macho hugombania umakini wako, kwa hiyo kuvifungia ndani kunakupa nafuu ya kweli. Lakini ni nafuu ya funika kombe mwanaharamu apite. Kati ya 2001 na 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walifuatilia maisha ya nyumbani ya familia 32 za kipato cha kati. Karibu robo tatu ya gereji zao zilikuwa zimejaa vitu hata gari halina pa kuingia. Vitu vililala ndani, gari likalala nje. Darby Saxbe na Rena Repetti, wakitumia wanandoa kutoka familia hizohizo, walieleza mwaka 2010 kwamba wanawake walioizungumzia nyumba yao kuwa imejaa vitu na kazi zisizokwisha walikuwa na kotisoli, homoni ya msongo, isiyoshuka kadiri siku inavyosonga kama ilivyoshuka kwa wenzao. Hilo halithibitishi kwamba makorokoro ndiyo chanzo. Huenda aliyechoka ndiye anayeshindwa kuyaondoa. Wanaoandika kwamba "sayansi imethibitisha" wapunguze mwendo kidogo.

Sasa mbona watu hukimbilia kupanga? Kwa sababu kupanga hakudai uamuzi. Vuta ile droo ambayo kila nyumba inayo: chaji ya simu iliyokufa zamani, funguo mbili za kufuli lisilojulikana liliko, betri ambazo hazijulikani kama ni nzima, risiti iliyofifia hadi imekuwa karatasi nyeupe, kifuniko kisicho na chombo chake. Kuvigawa vyote kwenye visanduku vidogo ni kazi ya dakika chache, tena inafurahisha. Kusema "hiki kitoke" ni shughuli nyingine, kwa kuwa kila kimoja kinakujibu: huenda siku moja.

Na hapo mwanadamu hujidanganya kwa namna inayojulikana. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka kuviuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wasiokuwa navyo walikuwa tayari kulipa. Kikombe ni kilekile. Kimepanda thamani kwa kuwa changu. Ndiyo maana swali "nikitupe?" halisaidii sana. Jiulize, "Kama nisingekuwa nacho, ningekinunua leo?" Chaji ile haitaponea hapo.

Hata Marie Kondo wa Japani, mwandishi wa vitabu vya kupanga nyumba ambaye watu humnukuu zaidi kwa ukunjaji wa nguo, anasisitiza utoaji uishe kwanza ndipo mtu afikirie pa kuweka. Tena anapita kwa aina ya kitu badala ya chumba: nguo zote za nyumba nzima zinarundikwa pamoja, ndipo unapoona una sweta ngapi. Mashabiki wake wengi walichukua ukunjaji, utoaji wakauacha.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodhani kupunguza ni kubaki na godoro na sufuria moja. Hapana. Mwenye vitabu mia tano anavyovisoma hana cha kupunguza kwenye rafu ile. Na yule anayepata dhiki kubwa kuachana na hata gazeti la zamani, mpaka vyumba havitumiki, si mvivu wala mchafu: tangu 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unaitambua hali hiyo kama ugonjwa unaojitegemea, na dawa yake si ndugu kuja kufagia akiwa hayupo.

Kwa hiyo ukimaliza Jumamosi yako na makontena, sema umepanga. Ni kazi nzuri na unastahili pongezi. Na ule mfuko uliojaza nguo za kugawa, ukauegesha nyuma ya mlango ukingoja mtu wa kumpa, bado unahesabiwa ndani. Kwa huo unaweza kusema "napunguza". "Nimepunguza" ingoje hadi utoke.