Maana ya vikwazo na diplomasia katika suala la nyuklia

Kikwazo, kwa asili ya neno, ni kitu kinachomkwaza mtu njiani: pengine hakimzuii kufika, ila humchelewesha na kumfanya ajiulize kama safari yenyewe ina faida. Wengi huvichukulia vikwazo ambavyo nchi huwekewa kwa sababu ya mpango wake wa nyuklia kuwa ni adhabu tu, ilhali kazi yake hasa ni kuipa nchi hiyo sababu ya kukaa mezani.

Namna vinavyobana haimpi shida mkulima wa kahawa wa Mbozi kuielewa. Kahawa ikishanunuliwa mnadani, magunia hubaki ghalani mpaka fedha ya mnunuzi iingie benki. Isipoingia, bei nzuri haina maana, na mkulima hukaa na stakabadhi yake mkononi. Ndivyo ilivyoipata Iran mwezi Machi 2012, benki zake nyingi zilipoondolewa kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hupeana taarifa za malipo: mafuta yalikuwepo, wateja walikuwepo, njia ya kulipana ikazibwa. Mwaka huohuo hata Tanzania iliguswa, ilipobainika kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera yetu kupitia usajili wa Zanzibar, nazo zikafutiwa usajili.

Diplomasia ndiyo inayopanga vikwazo vitaondolewa kwa sharti gani. Katika makubaliano ya Vienna ya Julai 2015 kati yake na mataifa makubwa, Marekani ikiwemo, Iran ilikubali kutorutubisha urani (yaani kutoongeza kiwango cha sehemu yake inayotoa nishati ya nyuklia) zaidi ya asilimia 3.67 (ya silaha hufikia takriban 90), kutoweka akiba inayozidi kilo 300, na kukaguliwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Nayo ikaahidiwa kuondolewa vikwazo. Marekani ilijitoa Mei 2018 na kuvirudisha, na kufikia 2021 Iran ilikuwa ikirutubisha hadi asilimia 60. Kwa maoni yangu, hapo ndipo vikwazo vilipopoteza makali, kwa sababu anayebanwa hata baada ya kutimiza ahadi hana tena cha kujadili. Korea Kaskazini, iliyowekewa vikwazo na Baraza la Usalama tangu ilipofanya jaribio lake la kwanza la bomu la nyuklia mwaka 2006, imeshafanya majaribio sita.

Vile vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran vilirejeshwa Septemba 2025, kwa utaratibu uliokuwa umewekwa ndani ya makubaliano yaleyale ya 2015.