Je, wajua kwa nini chumvi hugeuza moto wa gesi kuwa manjano?

Sufuria ya viazi ikichemka kupita kiasi, povu hupanda, hufurika, na maji ya chumvi huteremka ubavuni hadi motoni. Papo hapo moto wa meko uliokuwa wa buluu hulipuka manjano iliyokolea, inayokaribia rangi ya chungwa bivu. Punguza gesi, futa kidogo, na buluu inarudi. Hapa Kisumu nimeliona jambo hili jikoni kwangu miaka na miaka, na kila aliyeniuliza nilimjibu bila kusita: chumvi inaungua, na hiyo ndiyo rangi yake ikiungua.

Nilikosea, na nimekuja kugundua kuwa wengi tunakosea hivyo hivyo, kwa hiyo kosa lenyewe linastahili kufumuliwa pole pole.

Tuanze na huko kuungua. Kitu kinapoungua kinaungana na oksijeni ya hewani na kutoa joto, kama kuni, mafuta ya taa au gesi. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini zilizokwisha kushikana kwa nguvu, na katika moto wa jikoni hakuna cha kuungua hapo. Kinachotokea ni hiki: tone likifika motoni maji yanakauka, vipunje vya chumvi vinabaki, vinayeyuka vikifika nyuzi 801 za Selsiasi, kisha vingine vinageuka mvuke. Ndani ya mwali baadhi ya jozi zinaachana, na kwa muda mfupi sana atomu za sodiamu zinabaki peke yake. Hizo ndizo zinazong'aa. Zikishapanda juu ya moto zinaungana tena na vitu vingine na kwenda zake. Moto haukuzila.

Basi hata kusema "rangi ya chumvi" si sawa. Lililonifumbua macho ni magadi. Jioni moja nilikuwa napika mrenda, nikatia magadi, povu likapanda kama lilivyo desturi yake, likamwagikia moto. Manjano ile ile! Mpwa wangu aliyekuwa anachambua mboga akauliza, "Shangazi, na magadi nayo ina chumvi?" Swali zuri kuliko majibu yangu yote ya awali. Magadi hutokana hasa na sodiamu iliyoungana na kaboni na oksijeni. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Kinachopatikana katika vyote viwili ni sodiamu, na manjano ni yake.

Kosa la tatu ndilo lililonikaa kichwani kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu lina chembe ya ukweli. Nilidhani manjano ni dalili ya kiasi cha joto, kama ilivyo kwa makaa. Mkaa kwenye jiko huanza na wekundu mzito. Ukiupepea unakuwa wa chungwa, na mhunzi akiuvuvia kwa viriba unakaribia manjano. Huo ni ukweli kwa mkaa, kwa chuma na kwa waya wa balbu ya zamani. Sodiamu haifuati kanuni hiyo. Ongeza moto, manjano yake itakuwa kali zaidi, lakini haitasogea kuwa rangi nyingine.

Sasa fikiria koroboi. Mwali wake nao ni wa manjano, na ukiuweka kando ya moto uliomwagikiwa chumvi, jicho linaona ndugu wawili. Si ndugu hata kidogo. Kwenye koroboi, mafuta ya taa hayapati hewa ya kutosha, kwa hiyo yanaacha chembe ndogo mno za masizi ndani ya mwali. Chembe hizo zinawaka kwa joto kama vipande vidogo vya mkaa. Huko manjano inatoka kwenye vitu vigumu vilivyopata moto. Huku inatoka kwenye atomu zilizotawanyika katika hewa. (Ndiyo maana manjano ya meko isiyokuja na kumwagika kwa kitu, inayodumu na kupaka sufuria masizi, ni ya aina ya koroboi. Hewa haiingii vizuri kwenye gesi. Fungua dirisha na usafishe matundu, maana moto wa namna hiyo unaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.)

Jicho haliwezi kutofautisha manjano hizo mbili kwa kuwa linatambua rangi kwa aina tatu tu za seli, kisha ubongo unakadiria. Hata manjano unayoiona kwenye kioo cha simu haina mwanga wa manjano ndani yake. Ni vitone vyekundu na vya kijani vilivyokaribiana mno. Ili kujua mwanga umebeba nini, lazima uutandaze.

Mwanga husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mwanga uliotandazwa hivyo, kila urefu wa wimbi ukikaa mahali pake, ndio unaoitwa spektra. Upinde wa mvua juu ya ziwa ni spektra ya jua iliyotandazwa na matone. Mwanga tunaouona huanzia kwenye urujuani, karibu na nanomita 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hadi kwenye wekundu, karibu na 700. Newton aliutandaza kwa kioo chenye pembe tatu katika karne ya 17, akaandika juu yake mwaka 1672. Huhitaji kioo hicho. CD ya zamani inatosha, kwa sababu upande wake unaong'aa una mistari zaidi ya 600 ndani ya kila milimita, na mistari hiyo inatenganisha mawimbi kwa urefu wake.

Nilifanya hivi: usiku, taa zote zimezimwa, mlango umefungwa. Niliwasha koroboi, nikasimama hatua mbili nyuma, nikaishika CD karibu na uso na kuigeuza taratibu hadi mwali ukaonekana umetandazwa. Ukawa utepe mmoja, kutoka wekundu hadi urujuani, bila pengo. Nikazima koroboi, nikawasha meko na kunyunyiza maji ya chumvi kwa vidole. Utepe haukuwapo. Palitokea mwali mdogo wa manjano, wenye umbo kamili la moto wenyewe, umesimama peke yake, na giza upande huu na upande ule. Nilinyunyiza tena na tena ili niuone. (Usijaribu hivi kwa jua, litaumiza macho yako.)

Kwa nini rangi moja tu?

Anayeishi huku anaijua nyatiti: nyuzi nane. Ukipita nje ya uzio usiku wa sherehe, hujamwona mpigaji, tayari umeitambua, kwa kuwa nyuzi zake zina sauti zake. Uguse uzi kwa upole, utasikia sauti fulani. Uvute kwa nguvu, utasikia sauti ile ile, kubwa zaidi. Nguvu ya kidole haibadilishi sauti ya uzi, nao uzi hauwezi kutoa sauti iliyo kati yake na jirani yake.

Atomu ya sodiamu iliyo peke yake ni chombo cha namna hiyo. Ina elektroni 11, na ile ya nje kabisa iko pweke, rahisi kusukumwa. Ndani ya moto kila kitu kinagongana na kila kitu. Elektroni hiyo ikipata pigo la kutosha inapanda ngazi ya juu ya nishati. Haiwezi kukaa katikati ya ngazi. Ni juu au chini. Baada ya nanosekunde 16 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) inarudi chini, na tofauti ya nishati kati ya ngazi hizo mbili inatoka kama mwanga. Tofauti hiyo ni ile ile kila mara, basi na mwanga ni ule ule kila mara: nanomita 589. Tukitazama kwa chombo kizuri kuliko CD tunaona kumbe ni mistari miwili iliyobanana, 589.0 na 589.6, kwa kuwa ngazi ya juu yenyewe imegawanyika mara mbili.

Ikisharudi chini, elektroni iko tayari kupigwa tena. Atomu moja inaweza kutoa mwanga mara nyingi sana kabla haijapanda nje ya mwali. Ndiyo sababu chumvi kidogo tu, hata ile ya jasho la vidole, inatosha kupaka moto mzima rangi.

Mkaa ni habari nyingine. Ndani yake atomu zimebanana, kila moja inavuta na kusukuma jirani zake, na ngazi zao zimevurugana. Huo ni soko la Kibuye siku ya Jumapili: ukisimama mbali unasikia mngurumo mmoja usio na mapengo. Mngurumo utakueleza kama soko limechangamka au limepoa, lakini hautakueleza ni nani anayeongea. Ndivyo utepe wa mkaa unavyoeleza joto lake bila kueleza umetengenezwa na nini, wakati mstari wa sodiamu unataja jina la mwenyewe.

Mfano wa nyatiti una mpaka wake. Uzi hutoa sauti muda wote unapotetemeka, na mpigaji anaweza kuukaza au kuulegeza. Atomu hutoa mwanga elektroni inapohama ngazi, na hakuna wa kuikaza. Sodiamu ya jikoni Kisumu na sodiamu iliyoko kwenye nyota zina sauti moja.

Na hilo tunalijua kwa sababu jua limelionyesha. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph Fraunhofer alitandaza mwanga wa jua kwa makini kuliko waliomtangulia, akakuta utepe umekatwakatwa na mamia ya mistari myeusi. Aliyokolea aliipa herufi. Ule wa mahali pa manjano akauita D. Hakujua maana yake. Mwaka 1859, huko Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba D iko pale pale inapowaka sodiamu. Imba sauti ya uzi karibu na uzi huo nao utatetemeka, maana umeipokea. Vivyo hivyo atomu za sodiamu katika tabaka la nje la jua, lililopoa kuliko la chini yake, zinapokea nanomita 589 kutoka kwenye mwanga unaopita, kisha zinautawanya pande zote. Kwetu panabaki pengo jeusi. Miaka 24 tu kabla ya hapo, mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikuwa ameandika kwamba hatutajua kamwe nyota zimeumbwa kwa kemikali gani.

Mwaka 1868 ukaonekana mstari mwingine wa manjano kwenye mwanga wa ukingo wa jua, karibu mno na ile ya sodiamu hivi kwamba ni rahisi kuudhania ni wake. Norman Lockyer, Mwingereza, alipima akaona haulingani: uko kwenye 587.6. Tofauti ya nanomita moja na kitu! Akasema ni elementi ambayo haijawahi kuonekana duniani, ikaitwa heliamu, kwa jina la Kigiriki la jua. Ilibidi kusubiri hadi 1895 ndipo William Ramsay akaipata duniani, ndani ya jiwe lenye urani.

Mistari inataja nani yupo; kuhesabu wako wangapi ni kazi nyingine. Spektra ya jua imejaa mistari ya chuma, na kwa muda mrefu wataalamu waliamini jua limeumbwa kwa vitu vinavyofanana na vya dunia. Cecilia Payne ndiye aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba nguvu ya mstari inategemea sana joto, na kwamba katika nyota kilicho kingi kupita vyote ni hidrojeni.

Rangi kali nayo inaweza kumfunika jirani, na hilo niliona Kakamega. Mama mkwe wangu bado anachuja musherekha: jivu la maganda ya maharagwe linatiwa kwenye kopo lenye matundu, maji yanamiminwa juu, na chini yanadondoka maji ya hudhurungi ya kulainishia mboga. Jivu la mimea lina potasiamu nyingi, na sauti za potasiamu ziko kwenye miisho ya utepe, wekundu wa mbali na urujuani, ambazo jicho linazichanganya kuwa zambarau hafifu. Nilichovya waya safi, nikautia kwenye meko yake. Manjano. Sodiamu kidogo iliyomo ilikuwa imefunika kila kitu.

Wanakemia wana njia ya zamani kwa tatizo hili: kutazama kupitia kioo cha buluu iliyokoza, kile kilichotiwa rangi kwa kobalti, kinachozuia manjano na kuachia miisho ipite. Nilikuwa nimebeba kipande.

"Mama, hebu tazama kupitia hapa."

Alikiinua hadi jichoni, nami nikachovya waya tena. Manjano yote ilizimika, na kwenye ncha ya waya ukabaki mwali mdogo wa zambarau inayoelekea wekundu, ukitetemeka, kisha ukaisha. Mama akaendelea kukishika kioo pale pale, akaniambia nichovye tena.